Masikio ya Fremu

Kinyozi aliingia karakanani bila hodi, kofia mkononi, na Kipimo akajua papo hapo kwamba kuna jambo. Kwa kawaida mtu huyu hakuwa na haraka. Angeanza na habari za afya, aende kwenye habari za watoto, azunguke kwenye mvua na jua, ndipo atue kwenye pikipiki za zamani, ambazo hasa ndizo zilizomleta. Alizipenda pikipiki za zamani kama wengine wanavyopenda mpira. Kuta za kibanda chake cha kunyolea zilijaa picha za pikipiki hizo, na mteja aliyekwenda kupunguza ndevu tu alitoka pale amefundishwa habari za tangi, taa na tandiko mpaka masikio yanamuuma. Leo alisimama tu mlangoni.

"Sema," Kipimo alimwambia bila kuinua macho. Mashine ya kukereza ilikuwa inazunguka, na hakuwa mtu wa kukiacha chuma katikati. Jina la Kipimo hakupewa kwa mapenzi. Alipewa na wateja waliochoka kurudishiwa vyuma vyao kwa sababu vimepwaya kidogo tu, kidogo ambacho wao hawakukiona hata kwa miwani.

"Nimetoka kwa mdogo wako."

"Simjui huyo."

"Usinikasirikie mimi, tafadhali. Mimi nilikuwa napita tu." Kinyozi aliikunja kofia yake, akaikunjua. "Ameikata masikio."

Kipimo alizima mashine.

Kwa asiyejua, masikio ya fremu ni vile vipande vya chuma vyenye matundu, vinavyoishika injini ya pikipiki isidondoke barabarani. Bolti hupita kwenye sikio, ikapita kwenye injini, ikatokea kwenye sikio la upande wa pili, basi injini na fremu vimekuwa kitu kimoja. Fremu isiyo na masikio ni kitu cha kuanikia nguo. Na fremu hii haikuwa fremu tu. Ilikuwa nusu ya pikipiki ya baba yao, na nusu ya pili, yaani injini, ilikuwa chumbani kwa Kipimo, chini ya shuka safi, mbali na vumbi, karibu na kitanda. Mume wake alikuwa ameshazoea. Kila Jumapili Kipimo alitia tone la mafuta kwenye silinda, akaizungusha injini taratibu kwa mkono ili isikwame, akaifunika tena. Alifanya hivyo miaka saba, kwa haja moja tu: siku moja injini ile irudi mahali pake, pikipiki iwe nzima, na iwe kwake.

Sasa mjinga mmoja ameshika msumeno.

Kulifikisha jambo hili hapa ilikuwa kazi ya familia nzima, na aliyeanza alikuwa marehemu mwenyewe. Baba yao, akiwa hoi kitandani hospitalini, aliwaita wanawe wawili akawaambia: "Pikipiki mgawane, msigombane." Mtu mwingine yeyote angeelewa. Leo panda wewe, kesho nipande mimi. Lakini hawa walikuwa mafundi. Dada mkerezaji, kaka mchomeleaji, na ukimwambia fundi neno "mgawane" mkono wake unakwenda kwenye spana. Viti vya msiba vilikuwa bado havijarudishwa vilikoazimwa, wao wako uani kwa mama yao wanafungua nati. Dada akachukua injini. Kaka, ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche, akachukua fremu pamoja na magurudumu, tangi na taa. Hawakugombana hata kidogo. Walishikana mikono, wakaona wametimiza wosia kwa herufi zake zote.

Ugomvi ulikuja baadaye, kila mmoja alipotaka nusu ya mwenzake. Kipimo alisema mdogo ndiye anayemfuata mkubwa, kwa hiyo fremu ije. Cheche alisema injini ndiyo inayoingizwa kwenye fremu. Ni wapi umewahi kuona fremu ikiingizwa kwenye injini? Kwa taratibu za kazi Cheche alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililomkera Kipimo kuliko yote.

Alivua aproni, akaivaa tena, akatoka mguu mosi mguu pili huku Kinyozi akimkimbilia nyuma. "Kipimo, kwanza pumua," alikuwa akisema. "Hebu pumua kwanza." Kipimo alikuwa anapumua vizuri sana. Mtu mzima ukiambiwa upumue ndipo unapotamani kumziba mwenzako pua.

Uwanja wa Cheche ulikuwa umejaa mageti yasiyokwisha na madirisha yanayongoja wenyewe. Katikati, juu ya meza ya chuma, ilikuwa fremu. Kipimo alikuwa hajaiona tangu siku ile, na kitu cha kwanza kilichomchoma ni kwamba ilikuwa nzuri. Kutu yote ilikuwa imeondoka. Rangi nyeusi ilikuwa imetulia juu ya chuma bila tone wala mchirizi, na mstari mwembamba wa dhahabu ulikuwa umerudishwa kwenye tangi kwa mkono usiotetemeka. Mdogo wake alikuwa ameitunza. Halafu akaona pale chini, mahali pa injini: chuma cheupe, kibichi, kilichokatwa leo. Pembeni, ndani ya boksi, ilikuwa injini mpya ya pikipiki za mizigo, plastiki yake bado haijatolewa.

"Umefanya nini?" alisema, na sauti ilimtoka ndogo kuliko alivyotaka.

Cheche aliinua miwani ya kuchomelea. "Nafanya kazi. Karibu, dada."

"Usinidadie. Umefanya nini wewe?"

"Nimechoka kumiliki pikipiki ya kusukuma. Nataka kupanda. Injini hii inaingia, ila masikio ya zamani yalikuwa yanaizuia."

"Yalikuwa yanaizuia! Yaliwekwa pale yaizuie! Hayo ndiyo yaliyokuwa yanakungoja upate akili!"

"Nimekuomba injini mara ngapi? Nimetuma watu, nimekuja mwenyewe, nimemtuma mke wangu, ukamwambia wifi hafundishwi mambo ya nyumba hii."

"Sikusema hivyo."

"Ulisema, 'mwambie aliyekutuma aje na fremu mgongoni.'"

"Hilo nililisema," Kipimo alikubali, "na nalirudia. Masikio yako wapi?"

Cheche alionyesha kwa kidevu kwenye rundo la vyuma chakavu. Kipimo alipiga magoti kwenye vumbi la chuma, mtu mzima, mama wa watoto, mbele ya wafanyakazi wa mdogo wake, akaanza kuchambua mabaki ya nondo na mabati. Akapata la kwanza. Akapata la pili na la tatu. La nne halikuwepo. Alilikuta getini. Mtu alikuwa amelisukuma chini ya geti lisijifunge na upepo.

Hapo ndipo hasira zilipompanda kweli. Alilichomoa sikio lile, geti likajibamiza kwa kishindo, akamwendea Cheche amelinyoosha mbele ya pua yake. "Chuma hiki kimefuliwa na watu waliojua wanachofanya. Wewe umekipitishia msumeno kama unakata nondo za choo, halafu ukakifanya kigingi cha geti. Hivi una nini kichwani? Ule moshi wako umekuingia mpaka kwenye ubongo?"

"Fremu ni yangu," Cheche alisema, sasa na yeye amefura. "Niligawiwa. Nikitaka naifanya kiti. Nikitaka naitupa mtoni. Wewe lala na injini yako."

"Haya. Twende kwa mama. Ukamwambie mama hivyo hivyo."

"Twende!"

Wakaenda, mmoja kila upande wa barabara, kila mmoja akijitahidi kufika kwanza bila kuonekana anakimbia. Kinyozi alibaki katikati ya barabara na kofia yake, akipigiwa honi.

Mama yao alikuwa kibarazani nyuma ya cherehani, anapinda pazia. Cherehani yenyewe ilikuwa ya zamani, ya gurudumu la mkono, rangi imekwisha pale mkono wake ulipopapasa miaka yote. Hakusimama kuwapokea. Walisema wote kwa pamoja. Kipimo aliyamwaga masikio mezani, juu ya pazia la watu. Cheche alisema habari ya haki yake, Kipimo akasema habari ya heshima, Cheche akasema habari ya wifi, Kipimo akasema habari ya geti. Mama alizungusha gurudumu mpaka mwisho wa pindo, akakata uzi kwa meno.

"Mmemaliza?"

Hapo ndipo mama alipoinua macho.

"Pikipiki ya nani hiyo mnayogombea?"

"Ya baba," walijibu kwa sauti moja, kitu ambacho hawakuwa wamekifanya kwa miaka.

"Baba yupi?"

Kipimo alimtazama Cheche kabla hajajikumbusha kwamba hamtazami.

"Mimi nilikuwa na cherehani mbili," mama alisema. "Hii, na nyingine nzuri ya miguu, ya kudarizi. Kulikuwa na mwalimu hapa jirani aliyekuwa anahama, na mke wake aliitamani cherehani yangu kufa kupona. Nikamwambia, nipe pikipiki uichukue. Tukabadilishana hapo hapo ulipoweka miguu yako. Baba yenu hakuwa anajua hata kuiegesha. Mimi ndiye niliyemfundisha, na mara ya kwanza aliipeleka moja kwa moja kwenye ua wa jirani. Baadaye akawa anaipanda kwenda kazini, mimi nyuma, watu wakaanza kusema pikipiki ya bwana yule. Nikawaacha. Alikuwa mume wangu, sikuona sababu ya kutangaza. Halafu amelala pale kitandani akagawa kisicho chake. Yeye nitamuuliza tukikutana."

"Mama, sisi hatukujua," Cheche alisema.

"Sijamaliza!" Aligonga meza, masikio ya fremu yakaruka. "Nilikuwa chumba hicho, macho yamevimba, mume wangu hajakaukiwa na udongo, nasikia spana zinagonga uani. Nikasema, wanangu wanaisafisha, wananisafishia. Nikatoka. Nikakuta doa la mafuta chini na nyinyi mnapeana mikono."

"Kwa nini hukusema?" Kipimo aliuliza. Uso ulikuwa unamwaka, na kwa kuwa hakujua kuaibika bila kukasirika, alikasirika. "Miaka yote hii, mama! Ungesema neno moja tu!"

"Kwa nini hamkuuliza neno moja tu?"

"Tulidhani..."

"Mlidhani. Wewe, mwanangu, unapima chuma mpaka unene wa unywele. Mimi mama yako ulinikadiria kwa macho."

Neno hilo lilimuuma Kipimo mpaka mbavuni, na kilichouma zaidi ni kwamba lilikuwa limepimwa sawasawa.

"Nataka pikipiki yangu pale ilipokuwa," mama alisema, akivuta pazia jingine. "Nzima. Nikishaisikia inanguruma, nitasema mwenyewe itakaa kwa nani. Na hayo machuma yenu yatoeni kwenye kitambaa cha watu."

Kesho yake injini ilipita mtaani kwenda kwa mama juu ya mkokoteni, imefungwa kwa shuka lake, na Kipimo akitembea pembeni kama anamsindikiza mgonjwa. Fremu ilikuja ikisukumwa na Cheche. Watu walitoka milangoni kutazama. Kinyozi alifunga kibanda chake akaning'iniza tangazo kwamba amepata dharura.

Kazi ilikuwa ngumu na ilikuwa ya kinyongo. Msumeno wa Cheche ulikuwa umekula chuma, kwa hiyo masikio hayakurudi yalivyokuwa. Ilibidi Kipimo akereze vipande vidogo vya kujazia, na Cheche avichomelee bila kuupinda mwili wa fremu. Moto huvuta chuma. Ukichomelea upande mmoja bila subira, tundu linahama, na bolti haipiti tena. Walihitajiana kila dakika, na walikuwa wameapa kutosemezana. Basi waliongea kupitia kwa Kinyozi, ingawa walikuwa wamechuchumaa bega kwa bega.

"Mwambie huyo asogeze kushoto."

"Cheche, anasema usogeze kushoto."

"Nimemsikia. Mwambie kushoto kwake au kwangu?"

"Kipimo, anauliza kushoto..."

"Mwambie kushoto ni kushoto, mpumbavu mkubwa."

"Cheche," Kinyozi alisema kwa upole, "anasema kushoto ni kushoto."

Kinyozi mwenyewe alikuwa na furaha ya mtoto, na furaha hiyo ilimkera Kipimo kuliko uadui wa Cheche. Alifuta kila kitu kwa kitambaa. Alifuta tangi, alifuta taa, alifuta spoku moja moja. Kila jioni alimpelekea mama stuli uani, akakaa chini karibu yake, akamwuliza: kona ile ya sokoni ulikuwa unaikatia gia ya ngapi? Mvua ilipokunyeshea ulikuwa unaifunika na nini? Na mama alijibu. Alijibu mambo ambayo Kipimo hakuwahi kuyasikia, maana hakuwahi kuyauliza, na aliyasikiliza amegeuka mgongo, akiipiga tupa kwa nguvu zisizohitajika.

Siku ya kuingiza injini waliibeba wawili, dada upande huu, kaka upande ule. Cheche alishika taa. Kipimo aliisukuma bolti ya kwanza kwa kidole gumba, na ikapita, sikio, injini, sikio, bila nyundo, bila kulazimishwa, ikatokea upande wa Cheche. Cheche aliigusa ncha yake. Kwa muda ambao haukufika hata pumzi moja walitazamana wakasahau.

"Mwambie akaze nati," Kipimo alisema.

Moyoni alikuwa ameshashinda. Nani mwingine? Yeye ndiye mkubwa. Yeye ndiye aliyeitunza injini kama mtoto mchanga, na bila injini kilichobaki ni baiskeli nzito. Mama alikuwa na hasira, sawa, alikuwa na haki, lakini mama hakuwa kipofu. Kipimo alikuwa ameshamwambia mume wake aondoe meza ile mbovu barazani apate nafasi ya kuiweka.

Mama alitoka amevaa viatu vya kamba na amejifunga kitambaa kichwani. "Washa," alimwambia Kipimo, na Cheche akanuna waziwazi. Kipimo alifungua mafuta, akasubiri, akapiga kiki. Ikakohoa. Akapiga tena kwa uzito wake wote, injini ikashika.

Huo mlio. Kipimo alikuwa ameusikia kichwani kila Jumapili, mkono wake ukizungusha na chumba kimya, lakini kichwa hakikuwa kimemtendea haki. Ulikuwa wa polepole, mzito, pigo baada ya pigo, na vikombe vya mama vikatetemeka kabatini. Cheche alikuwa analia bila kujificha. Kipimo hakulia, alikaza meno mpaka taya likamuuma.

Mama alisikiliza hadi akaridhika. Kisha akasema, "Kinyozi, panda."

"Aijaribu?" Kipimo aliuliza.

"Nimempa."

Haikuwa imemwingia Kipimo akilini. "Umempa nini?"

"Pikipiki yangu. Nimempa."

Kinyozi alibaki na kitambaa mkononi, midomo wazi, kumbe hata yeye alikuwa hajui. Kipimo alipiga kelele, na mtaa wote ulimsikia. Alisema miaka yake saba. Alisema Jumapili zake. Alisema huyu mtu ni wa picha ukutani, wa kupiga soga na kupangusa, hajawahi kuchafua kucha, na kwamba kama ni adhabu basi imezidi, kwamba hata mwizi hapewi adhabu ya namna hii. Cheche naye alikuwa amekuja juu, wamesimama upande mmoja kwa mara ya kwanza, wote wawili wanamfokea mama yao mzazi.

Mama aliwangoja kama alivyongoja pindo liishe.

"Nikikupa wewe," alimwambia Kipimo, "huyu atakuja na msumeno. Nikimpa huyu, wewe utakuja na spana. Nimewazaa, nawajua. Huyu," akamshika Kinyozi bega, "hajui kufungua hata nati moja. Kwake itakaa nzima."

Akapandisha mguu, akakaa nyuma ya Kinyozi, akaweka gauni sawa, akamwambia aache kutetemeka na aingize gia ya kwanza. Wakatoka getini. Mama hakugeuka.

Dada na kaka walibaki uani, mikono imejaa grisi, juu ya doa jipya la mafuta. Mlio ulikwenda mpaka njia panda, ukashuka kidogo pale Kinyozi alipobadilisha gia, vibaya, ukapanda tena. Kila mmoja alitaka kuondoka na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha kuusikia. Ulizidi kuwa mdogo. Kipimo aliutafuta hata baada ya kwisha.

"Ilikuwa nzima," Cheche alisema.

"Ilikuwa nzima tangu mwanzo, mpumbavu wewe," Kipimo alisema, na hakuwa na hakika anamtukana nani.